Balbu ya Njano

Ampea mbili za umeme walizolipia kwenye jenereta ya mtaa wao, Beirut, zilitosha mashine ya oksijeni ya baba na taa ndogo tu. Ndiyo maana Nuhad alibadilisha balbu zote nyumbani.

“Taa hizi nyeupe, najiona niko mochwari,” mzee alilalamika. “Nirudishie ile ya njano, mwanangu.”

“Ile inakula umeme, baba. Ukiiwasha tu, swichi kuu inajikata.”

“Basi nitakufa mweupe kama jibini.”

Nuhad alicheka, akaenda foleni ya mkate.

Aliporudi, mashine haikuwa ikinguruma. Kwenye taa ya kando ya kitanda ilikuwamo balbu ile ya njano, aliyodhani ameitupa.

Aliogopa kumgusa baba yake, akaigusa balbu kwanza. Ilikuwa baridi.