Kanda Isiyo na Sauti

Mtoto alirudi nyuma kwa mara ya tisa, na kwa mara ya tisa mwongozaji akasema bado.

"Rudi nyuma kidogo," alimbembeleza. "Kidogo tena. Hapo hapo! Sasa cheka."

Mtoto hakucheka, alipiga miayo. Nyuma yake palikuwa na mdomo wa tangi la maji, la mbao tu, la kuigizia, na ndani yake magodoro mawili. Mama yake alichutama pembeni, mikono tayari kumdaka. Lakini aliyekuwa anatokwa na jasho ni mwongozaji.

Wafanyakazi wake walimpenda, ila hawakuacha kumtania. Walimwita Rudi-Nyuma. Katika filamu zote saba alizotengeneza, hakuna mwigizaji aliyewahi kusimama mahali akaambiwa panatosha.

Filamu hii ya nane ilihusu familia yake. Mwongozaji alikuwa na miaka saba wakati mdogo wake, Kibonge, alipotumbukia kwenye tangi la uani akafa. Siku yenyewe haikumbuki hata chembe. Yote aliyoyajua alihadithiwa na shangazi yake, aliyemlea baada ya baba kumpa mama talaka: mama yako aliacha tangi wazi tangu asubuhi, mchana mtoto akazama. Mama mwenyewe alikiri mbele ya ukoo mzima. Hakujitetea kwa neno hata moja.

Hilo ndilo lililomchoma mwanawe miaka thelathini na tatu. Jamani, mtu anaachaje shimo wazi na watoto wanacheza uani, halafu anakosa hata la kusema? Baba alishafariki, shangazi pia. Amebaki mama peke yake, na filamu ikitoka atalazimika kusema.

Picha aliyokuwa akiirudia ilitoka kwenye kanda ya nyumbani. Kibonge amesimama mbele ya tangi lililo wazi, anacheka, anarudi nyuma, kisha giza. Mama ndiye aliyempa nakala. "Baba yako aliipiga asubuhi ile, kabla hajaenda kazini," alimwambia. "Sauti haipo. Unyevu umeila."

Mpiga picha alikuwa amepiga magoti tangu saa mbili, na sasa yalikuwa yanamuuma.

"Bosi, hivi mzee wako alikuwa mfupi kiasi gani?"

"Mfupi? Baba alikuwa anainama kuingia mlangoni."

"Basi na yeye alipiga magoti. Nikisimama tu, picha haifanani kabisa." Alinyoosha mgongo. "Na hiyo asubuhi yenu, mbona kivuli cha mtoto kiko chini ya miguu? Hiyo saa sita hiyo, bwana."

"Wewe piga picha," mwongozaji akasema. "Saa niachie mimi."

Wakati wa mapumziko fundi sauti alimwita chumbani kwake. Siku moja kabla, mama akiwa kliniki, mwongozaji alikuwa amefungua sanduku lake na kuchukua kanda yenyewe. Aliona aibu, lakini alichukua.

"Sauti ipo," fundi akasema. "Tena nzima, unyevu haukuigusa. Aliyetoa nakala aliizima kwa makusudi. Nilipoisikia tu nikazima, nimeona ni mambo ya familia."

Mwongozaji alikaa kitini taratibu. Kumbe kulikuwa na kitu cha kufichwa.

Kabla hajanyoosha mkono, mlango ulifunguliwa. Mama yake alisimama pale, anahema, kandambili za nyumbani miguuni, kufuli la sanduku mkononi. Fundi alimwamkia, akatazama huku na huku, akatoka.

"Umefungua sanduku langu," mama alisema.

"Nimefungua. Nisamehe, Mama. Lakini na wewe umenidanganya."

"Nimekudanganya." Alikaa kwenye kiti cha pili na kuliweka kufuli mapajani. "Filamu yako itoe kama ulivyoiandika, mwanangu. Sema nilizembea. Sema nililala, sema nilikuwa kwa majirani napiga soga. Nitakuja kuitazama, nitakaa mbele kabisa. Ila hiyo sauti iache."

"Kwa nini? Ni sauti yako, siyo? Ulikuwepo pale ukamwona!"

 Aliutazama uso wa mwanawe muda mrefu, kama alivyokuwa akiutazama zamani kupima kama ana homa.

"Ukoo mzima ulikutema, Mama. Nilikua bila wewe. Nilikuwa nikikuona mara mbili kwa mwaka, na shangazi amekaa katikati yetu. Na bado unaficha!"

"Mimi nimeshazoea," mama alisema, machozi yakimtoka bila kelele. "Miaka yote hii nimebeba, mgongo umeshakuwa sugu. Wewe hutaweza. Nakuomba, baba yangu. Nimekupigia magoti." Na kweli alishuka kitini akapiga magoti, mzee wa miaka sabini, akakishika kiatu cha mwanawe.

Mwongozaji alilia. Alitaka kumwinua. Lakini alikuwa amengoja tangu utoto, na mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe.

Kibonge alitokea kiooni, anacheka. Kuku walisikika. Kisha sauti ya mama, ya ujana wake, kwa mbali, kutoka jikoni:

"Funika hilo tangi, mwanangu, kisha umlete mdogo wako ndani!"

Na karibu kabisa, mtu aliyeshika kamera alivuta pumzi, akacheka kicheko chembamba cha kitoto.

"Ngoja kwanza, Mama, nampiga picha! Kibonge, rudi nyuma kidogo. Kidogo tena."