Mzuka wa Chumba cha Nne

Mzuka wa chumba cha nne ulikuwa unamaliza bakuli zima la wali kila siku, na mchuzi juu yake. Ramula, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitilia shaka jambo hilo.

Mpangaji wake, Selpher, alikuja mtaa wa Namakwekwe kutoka Jinja miezi mitatu baada ya wanajeshi kumchukua mumewe, Odero, mchana kweupe mbele ya geti la kiwanda cha nguo. Huko Jinja alikuwa akimpikia injinia Mjapani, Bwana Tanabe, mtu aliyependa habari za wafu kuliko chakula. Jumapili Mjapani alitundika shuka ukutani, akawaonyesha wafanyakazi filamu za katuni za kwao: wafu wenye nywele ndefu, wanaelea hewani, hawana miguu. Alimfundisha Selpher kwamba nne ni namba ya kifo, na kwamba marehemu huwekewa bakuli la wali. Tena watu wakikaa kusimuliana habari za mizuka, kila hadithi ikiisha huzimwa utambi mmoja. Ukizimwa wa mwisho, mfu mwenyewe huingia.

Selpher alilala chumba cha tatu. Cha nne, kilichokuwa stoo tu, aliomba apewe kwa ajili ya marehemu mumewe. Siku za mvua aliwakusanya majirani, akawasha tambi za pamba kwenye sinia la mafuta, akasimulia. Baada ya wiki mbili hakuna aliyethubutu kupita karibu na mlango ule. Hata kuku walifukuzwa.

Lakini alfajiri moja, Ramula alipotoka kutia udhu, aliona nyayo kwenye tope. Nyayo kubwa, za mwanamume, zimetoka chooni zikaenda moja kwa moja hadi chumba cha nne.

Alizitazama kitambo. Kisha akachukua fagio akazifuta.

Hakumwambia Selpher neno. Moyoni alisema alhamdulillahi, kumbe Odero yu hai. Na tangu siku hiyo, nyama ikipatikana, alikata kipande akakipeleka mwenyewe kwa Selpher. "Mwekee marehemu," alisema. "Wali mtupu haushibishi."

Wanajeshi walikuja saa tisa mchana, mvua ya mlima Wanale ikiwa imeshafunga mji. Sajini mmoja na askari wawili. Waliwakuta wanawake wanne wamezunguka sinia, madirisha yamefungwa, utambi umebaki mmoja.

"Tunasaka mtoro wa Jinja," sajini alisema. Alielekeza bunduki kwenye mlango wa nne. "Huko ndani iko nani?"

"Mfu, afande," Ramula alijibu.

Askari mmoja alicheka. Mwenzake hakucheka.

"Wewe mama, leta ufunguo!" sajini alifoka.

Hapo Ramula angeweza kujiokoa kwa neno moja. Mwanawe wa pekee, Bakhit, alikuwa mwanajeshi, kambini huko huko Jinja. Angelitaja jina hilo tu, wangemwita mama yetu na kumwomba radhi. Lakini mwaka wa pili sasa alikuwa hamtaji. Bakhit alikuwa amekuja likizo amevaa saa ya mkononi yenye jina la mtu mwingine lililochorwa mgongoni. Ramula aliitumbukiza chooni, akamwonyesha mwanawe njia ya kuondoka. Leo ajifunike kwa jina lile? Alikataa. Kama ni kufa, atakufa kama mama wa wale waliochukuliwa.

Akainuka, akaliinua sinia kwa mikono miwili, akamsogezea sajini mpaka moto ukamulika kidevu chake.

"Ufunguo si kazi, afande. Lakini umetukuta katikati ya jambo. Huu ni utambi wa mwisho. Hadithi yake haijasimuliwa, basi nisikilize." Ramula hakuwahi kutunga hadithi maishani mwake. "Kuna mtu alitiwa kwenye buti la gari kule Jinja. Alifungwa kamba, akatupwa mtoni. Sasa anakwenda nyumba kwa nyumba. Hatafuti mke wala watoto. Anatafuta mkono uliofunga ile kamba."

Mvua ilipiga mabati. Sajini alitazama mikono yake mwenyewe, akaiondoa haraka kwenye mwanga.

"Hadithi imekwisha," Ramula alisema. "Zima wewe, kisha uingie. Sisi wanawake tumezima zetu zote, na hatukuogopa. Wafu wetu tunawapenda."

"Zima wewe," sajini alimwambia askari aliyecheka.

Askari alirudi nyuma hatua mbili.

"Mnaogopa nini?" Ramula alipaza sauti, na sauti yake haikutetemeka. "Bunduki tatu kwa utambi mmoja!"

Sajini alimtazama kwa chuki. Kisha akatazama mlango. Kisha nje.

"Twende," alisema. "Mvua itatukamata." Mvua ilikuwa imenyesha saa nzima.

Gari la jeshi liliponguruma na kupotelea barabara ya Industrial, majirani walikimbilia kwao. Ramula aliketi chini, anacheka.

"Selpher, mwanangu, mwambie mumeo atoke anyooshe miguu. Nyayo zake niliziona zamani."

Selpher hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama, Odero walimuua siku ile ile. Walipewa amri askari wawili. Mmoja alipiga. Wa pili aliitupa bunduki mtoni, akakimbia, akaja kunionyesha ulipo mwili wa mume wangu, nikamzika. Ndiye aliyenileta kwako. Akaniapisha nisikwambie."

Ramula alisimama. Alichukua ufunguo, akafungua chumba cha nne, akainua sinia juu.

Pembeni, juu ya magunia, amejifunika uso kwa viganja kama mtoto anayesubiri kipigo, alikuwa amekaa Bakhit.