Jekundu Lina Kelele Tu

Gari jekundu lilipofika juu ya kilima, Gaudiosus alishusha pumzi kama mtu aliyeponea shimoni.

"Haya, binti. Yote mawili umeyapanda. Lipi linakimbia zaidi?"

Laurensia alikuwa amejikunja kiti cha nyuma, magoti karibu na kidevu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga tena.

"Unaogopa?"

"Naogopa, mzee."

Placidius, mwenye magari, alicheka kwenye usukani. Magari hayo aliyatoa ng'ambo ya mpaka baada ya vita. Yalikuwa ya aina moja, milango miwili, pua ndefu, ila injini hazikulingana. "Nimekwisha kukwambia, mzee. Hili jekundu ni la mashindano, lina kabureta mbili. Lile jeupe ni ndugu yake aliyelelewa na bibi."

"Unalisifu kwa sababu ndilo la bei kubwa."

Gaudiosus alikuwa mnunuzi wa kahawa kule Kaisho. Alikuwa na lori na dereva, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kushika usukani. Ndiyo maana alimleta mchumba wake, Laurensia, achague. Marehemu baba wa binti huyo, Kahigi, aliendesha lori la kahawa miaka mingi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimtoa Laurensia darasa la tano, akamfanya utingo wake. Kijiji kizima cha Nyabiyonza kiliwacheka. Kahigi alipokufa, baba mdogo Polikarpi alipokea ng'ombe wa Gaudiosus, na harusi ikapangwa Jumamosi.

Ng'ombe walikuwa wamefika, lakini Gaudiosus alikuwa hapati usingizi. Kulikuwa na habari kwamba bibi harusi ataibiwa njiani. Na watu wa huko wanajua: msichana akiwa bado hajapakatwa mapajani na wazazi wa bwana harusi, si mke wa mtu. Anayewahi kumfikisha kwao ndiye mwenye mke. Wazee watabaki kuzungumzia ng'ombe tu.

"Habari hizi shangazi yako Auleria alizitoa wapi?" Gaudiosus aliuliza.

"Kwangu."

"Basi huyo mtu ni nani?"

"Unamfahamu, mzee."

"Jina!"

"Nikikutajia utacheka."

Gaudiosus hakucheka. Alitazama migomba huku na huku kana kwamba mtu yule angetokea sasa hivi. "Mimi nataka gari ambalo mwizi hawezi kulikimbia. Chagua."

Laurensia aliinamia magoti yake. "Jeupe, mzee. Jekundu lina kelele tu. Kelele si mbio."

"Mawe!" Placidius aligeuka mzima mzima. "Binti, baba yako alikufundisha nini kwenye lile lori?"

"Muache mtoto wa dereva!" Gaudiosus alifurahi. "Umeona, Placidius? Ulitaka kuniuzia ngoma."

Jioni ile alinunua jeupe. Jekundu alilikodi kwa siku moja, limbebe bibi harusi. Baba mdogo Polikarpi alishangaa: kwa nini bibi harusi apewe la polepole? Gaudiosus alimgonga bega. "Fikiri, mkwe. Mwizi akimteka, atamteka na gari alilomo. Mimi nitakuwa na la mbio. Nitamkamata kabla hajabadili gia."

Jumamosi Laurensia alifunikwa shuka kuanzia kichwani. Shangazi Auleria alimbeba mgongoni hadi garini, maana mguu wa bibi harusi haugusi ardhi mpaka apakatwe. Laurensia alilia kama inavyotakiwa, na wanawake wakasema amelia vizuri. Jeupe lilitangulia na Gaudiosus, likiendeshwa na Fidele, dereva wake. Jekundu lilifuata, Placidius usukanini, shangazi pembeni, bibi harusi nyuma. Gaudiosus kila mara alitoa kichwa dirishani kuhesabu watu waliomo kwenye jekundu.

Kwenye njia panda, wanawake wa Kaisho walikuwa wamefunga barabara yao kwa kamba ya migomba. Ndiyo desturi: kamba haifunguliwi mpaka watu wa bibi harusi washuke, waimbe na kunyweshwa rubisi, pombe ya ndizi.

Gaudiosus hakupenda kusimama pale. Aliwaweka vijana wenye fimbo vichakani, akawaambia wamkamate mwanamume yeyote mgeni atakayelisogelea gari jekundu. Placidius alitaka kubaki usukanini, lakini Gaudiosus alimwita.

"Shuka na wewe! Leo simwamini mwanamume yeyote karibu na mke wangu."

"Betri yake mbovu, mzee. Nikizima, tutasukuma."

"Liache likiunguruma. Shuka!"

Placidius alishuka. Shangazi Auleria alishuka, akapewa kibuyu, akaanza kuimba. Vijana walikodoa macho kwenye migomba. Hakuna mgeni aliyesogea.

Ndipo jekundu lilipounguruma kwa nguvu, likageuza pua, likashika ile barabara nyingine, ya kwenda Kayanga. Wanawake walirukia mtaroni. Wimbo ulikatika.

"Fukuza!" Gaudiosus alijitupa ndani ya jeupe, na Fidele akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Walipanda kilima cha kwanza wakiliona vumbi. Kilima cha pili waliliona vumbi kwa mbali. Cha tatu waliona barabara tu.

Walirudi njia panda jeupe likitoa moshi. Gaudiosus alimkwida Placidius shati.

"Nani? Mwanamume gani ameingia kwenye gari lako?"

Placidius alikuwa ameshika ile shuka ya bibi harusi, aliyoiokota barabarani.

"Hakuna aliyeingia, mzee," alisema. "Aliruka tu kutoka kiti cha nyuma kwenda cha mbele."