Joto la Wodi

Begi la fundi Luvanda lilikuwa limekwisha fungwa nyuma ya pikipiki, na dereva anawasha, Mama Sekela alipotokea na konzi ya udongo.

"Unatoroka kama mgeni aliyevunja chungu," alimtania. "Hebu shika kwanza."

Udongo ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Luvanda hakuuliza ulikotoka. Chini ya shamba la mama huyu alikuwa amefukia mabomba ya kuvuta joto la ardhini na kulipeleka wodi ya wazazi. Alitakiwa ayalaze chini sana, ambako joto halikwishi. Alipokutana na mwamba akayalaza juu juu, akasema kazi imekwisha. Sasa yalikuwa yanakula joto la mizizi.

"Viazi vyangu vimegoma kuota," Mama Sekela alisema. "Ni mke mwenzangu, Tusa. Kamwaga chumvi. Leo mzee anamrudisha kwao. Wewe unaijua ardhi, fundi. Ni chumvi, siyo?"

Luvanda aliudondosha udongo, akajipangusa kiganja kwenye suruali.

"Chumvi huharibu sana, mama," alisema, akapanda pikipiki.

Wodi ilipata joto kidogo, na wazazi waliendelea kuja na mablanketi yao. Mama Sekela alihamishia viazi bondeni, vikaota. Luvanda alifunga mabomba katika miji mingine, na kila mahali alichimbisha chini sana mpaka vibarua wakamchukia. Tusa aliondoka mchana ule. Nyumba yake iliezuliwa mabati, na kuta za matofali mabichi zikabaki zinanyeshewa.