Sanduku la Kamba ya Kijani

"Tovuti hii ina picha za mitaa yote, mama," alisema mkamwana, akimsogezea mama mkwe wake simu.

"Hebu nipeleke kwetu!"

Akabonyeza. Nyumba yao ikatokea, na langoni mwanamke kashika sanduku lililofungwa kwa kamba ya kijani. Uso wake ulikuwa umefifishwa.

Mkamwana alijitambua. Siku ile alipojaribu kutoroka, aliishia hapo langoni, akarudi ndani kabla mumewe hajatoka kazini. Hakuna aliyemwona.

"Sanduku langu hilo," alisema mama mkwe polepole. "Enzi za baba mkwe wako, nami nililibeba nikaishia hapo hapo."

Nje, funguo za mwanawe zikalia langoni. Mama mkwe akashusha sauti.

"Sogeza mbele upesi, mwanangu. Nione barabara inafika wapi."