Chupa ya Kulalia

"Fungua mdomo, simba wangu," bibi mzaa baba akabembeleza, na mtoto akafungua papo hapo. Mama yake alikuwa amembembeleza nusu saa nzima akaambulia mateke.

Miezi tisa nimebeba mimi, mama akawaza, mzigo kapokea mwingine.

Daktari wa meno akamulika. Meno manne ya mbele, ya utoto, yalikuwa yameliwa hadi karibu na ufizi, ya kahawia kama punje za mahindi yaliyoungua.

"Huyu analazwa na chupa yenye kitu kitamu," akasema. "Mtoto hulala, sukari hailali. Nani humpa?"

Mama akatazama viatu vyake. Kila jioni alimlaza kwa chupa ya juisi, ili walau kwenye usingizi mtoto amng'ang'anie yeye.

Bibi alimtupia mkwewe jicho, akaelewa, akacheka. "Ni mimi, daktari. Mapenzi ya uzeeni hayana akili. Nigombeze mimi."

Mtoto akamkumbatia bibi shingoni.

"Si kweli!" mama akafoka, machozi yakimtoka. "Mama, mtoto umemchukua, sasa hata kosa langu nalo unalitaka?"