Jogoo wa Saa Nne

"Ng'ombe hawiki," Tove aliiambia kompyuta, lakini kosa lilibaki palepale kwenye kioo.

Ilikuwa imebaki nusu saa jumba jipya la watoto la mji wa Randers lifunguliwe. Shamba la wanyama wa bati wanaoendeshwa na kompyuta, pamoja na ghala lake, lilikuwa limeshapangwa ukumbini, na watoto sitini wa chekechea walikuwa nje wakigongagonga madirisha. Saa nne kamili jogoo awike, ndipo meya akate utepe.

Programu aliiandika Tove. Ng'ombe, nguruwe, jogoo, wote aliwahifadhi kwa jina moja la ukoo: Mnyama. Ukimwambia Mnyama "tembea," anatembea. Ukimwambia "wika," kompyuta inakataa, maana si kila mnyama huwika.

Fundi mitambo, Preben, alikuwa na dawa yake. "Lazimisha tu, dada. Iambie kila mnyama ni jogoo."

Tove akalazimisha. Zamu ilipomfikia ng'ombe, programu nzima ikaanguka na kuzima.

"Umemtia ng'ombe aibu," Preben alisema huku akitafuna mkate wa mdalasini.

"Shauri lilikuwa lako."

"Na wewe ukalifuata. Msomi mzima."

Tove alicheka bila kutaka, akarudi kwenye kibodi. Safari hii aliongeza swali moja: huyu ni jogoo? Akiwa ndiye, achukuliwe kama jogoo, aambiwe awike. Kama siye, apitwe.

"Haya, nenda kamuunganishe jogoo wako waya kule nyuma ya ghala," alisema. "Mimi nimemaliza."

Preben akaondoka akipiga mluzi.

Milango ikafunguliwa, watoto wakamiminika. Meya akainua mkasi. Tove alibonyeza kitufe. Programu ikampita ng'ombe, ikampita nguruwe, haikuanguka.

Kimya.

Kisha nyuma ya ghala jogoo akawika. Akarudia, na mara ya tatu akavuta sauti kwa madaha ambayo Tove hakukumbuka kuyarekodi. Watoto wakashangilia, wengine wakamjibu kwa kuwika. Utepe ukakatwa.

Tove akakimbia nyuma ya ghala kumtambia Preben.

Alimkuta amepiga magoti, uso umemwiva, viganja vimezunguka mdomo, anavuta pumzi ya kuwika mara ya nne. Jogoo wa bati alikuwa amelala kando yake, waya zake bado zimefungwa kwa kamba ya dukani, hazijaunganishwa popote.